Ukuta Ulioishia Linta

Jumatatu, 13 Mei. Kasulu

Mvua zimekata. Wiki nzima sijaona wingu la maana, na vumbi limeshaanza kuingia ofisini kwa kupitia chini ya mlango. Daftari hili nililinunua la vipimo, lakini siku hizi simu inabeba vipimo vyote, nami nina maneno mengi kuliko vipimo. Nitaandika humu mpaka mvua zirudi.

Leo nimepata kazi niliyoitamani mwaka mzima. Shule ya wasichana ya kanisa letu kule Kibondo inajenga bweni la wanafunzi themanini. Msingi upo tangu mwaka jana. Michoro imetoka kwa msanifu wa Kigoma mjini, na mimi, Maximilla binti Manirambona, mkadiriaji majenzi, ndiye nitakayekokotoa gharama. Watu wananiita injinia na nimechoka kuwasahihisha. Injinia anajenga. Mimi nahesabu kila kitu kabla hakijajengwa, nikikosea mimi wote wanaonifuata wanakosea.

Dorcas amenipigia kunipongeza. Ni mtoto wa mama yangu mkubwa, tumelelewa nyumba moja, na yeye ndiye atakuwa matroni wa bweni hilo.

"Sasa unanijengea nyumba, mdogo wangu," amesema. "Ujenge vizuri. Nitalala humo na watoto wa watu."

Alhamisi, 16 Mei

Siku nzima juu ya michoro. Bweni ni refu, limegawanywa katikati na ukuta mmoja: wasichana arobaini upande huu, arobaini upande ule. Pembeni ya ukuta huo msanifu ameandika "dakika 60".

Nimefurahi kuliko inavyopasa. Huku kwetu ni wachache wanaoandika hivyo, na wachache zaidi wanaojua maana yake. Maana yake ni kwamba moto ukiwaka upande mmoja, kwa dakika sitini ukuta usianguke, usipitishe mwali wala moshi, na upande wa pili usipate joto la kuunguza. Mambo matatu, na kila moja lina bei yake. Ukuta wa tofali moja jembamba ni rahisi. Ukuta mnene wenye plasta pande zote mbili unakula matofali karibu maradufu, na saruji, na siku za fundi. Mkadiriaji asiyeelewa ile namba anaandika "ukuta" na kuupa bei ya ukuta wowote.

Mimi naelewa. Nimeupa bei yake kamili.

Ijumaa, 17 Mei

Nimemaliza hesabu. Macho yanauma.

Jumapili, 26 Mei. Kibondo

Kikao cha kamati baada ya ibada. Mwenyekiti ni Mzee Havyarimana, muuza mbao, mtu ambaye akikupa mkono unahisi anakupima upana wa kiganja. Amefungua makadirio yangu na kidole chake kimetua moja kwa moja kwenye ukuta wa katikati.

"Injinia, huu ukuta una nini? Mbona unakula kama mgeni wa harusi?"

Nikaeleza zile dakika sitini. Akasikiliza vizuri, kisha akasema, "Mwanangu, tuweke plaiwudi. Mbao nitatoa mimi mwenyewe, bure. Hela inayobaki tununue vitanda."

Nikamjibu mbele ya wote, "Mzee, plaiwudi ni kuni zilizonyooshwa. Unataka watoto themanini walale kwenye kuni?"

Watu walicheka sana. Mama mmoja alifuta machozi kwa kitenge. Mzee alicheka pia, ila masikio yake hayakucheka. Nikaongeza kwamba wakitaka kuokoa gharama, tuondoe ule mlango uliochorwa katikati ya ukuta, kwa sababu mlango wa kuhimili moto hatuwezi kuununua na mlango wa kawaida ni tundu tu. Kila upande utokee nje kwa milango yake. Kamati ikakubali. Ukuta umebaki.

Nimerudi Kasulu nikiimba garini. Nilipenda kushinda, naona bora niandike hivyo hivyo.

Jumanne, 28 Mei

Msanifu amekubali mlango uondolewe. Fundi mkuu atakuwa Gharibu, mtu wa Ujiji, mwashi mzuri.

Jumapili, 9 Juni. Kibondo

Matofali hayanunuliwi, wazazi ndio wanaoyachoma. Kila mtaa wa kanisa una tanuru lake, na Jumapili baada ya ibada watu wanatoka wamepanga foleni, kila mtu na matofali yake: kina mama mawili kichwani, wanaume manne begani, wenye baiskeli ishirini. Katibu anasimama mlangoni anahesabu, na Jumapili inayofuata hesabu inasomwa kanisani kwa mitaa. Hakuna anayetaka mtaa wake usomwe wa mwisho.

Hesabu yote niliitoa mimi: matofali elfu thelathini na mbili. Mchungaji aliitaja kwenye matangazo pamoja na jina langu. Leo bibi mmoja amenishika mkono akasema, "Wewe ndiye unayejua tofali la mwisho ni lipi?" Nikamwambia ego, ndiyo, ni mimi. Nimebeba mawili na mimi, gauni limechafuka.

Jumamosi, 22 Juni. Kibondo

Elfu thelathini na mbili zimetimia. Matanuru yamezimwa. Kulikuwa na ibada ya shukrani, ugali wa muhogo, maharage na ng'ombe mmoja. Mzee Havyarimana amenitania kwenye hotuba: "Injinia wetu akisema elfu thelathini na mbili, hata panya asiibe moja." Makofi.

Jumatano, 3 Julai

Vumbi. Wanachoma mashamba kule Muyama, jua limekuwa jekundu tangu asubuhi.

Jumatatu, 15 Julai

Gharibu anasema kuta zimefika madirishani. Sijaenda.

Jumatano, 24 Julai. Kibondo

Nitaandika yote.

Nimefika saiti saa nne asubuhi. Kuta zote zimefika juu, linta imemwagwa na kukauka, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya milango na madirisha. Mafundi wa kenchi, zile fremu za kubeba paa, wameshapanga mbao chini, keshokutwa wanaanza kuzipandisha. Gharibu akaniita pembeni, akafungua mchoro juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Bibie, samahani. Huu ukuta wa katikati. Unaishia linta kama wenzake, au unapanda mpaka kwenye bati?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mchoro wa jengo lililokatwa katikati unaonyesha unapanda. Tazama. Lakini matofali uliyonihesabia yanaishia linta. Yamebaki kama hamsini tu, na hayo ni mapande."

Nikatazama. Msanifu ameuchora ukuta ukipita dari, ukipita kenchi, hadi ukagusa bati. Mstari wenyewe ni mwembamba lakini upo, hata mtoto angeuona. Na mimi nimeupima hadi linta nikaishia hapo, kama nilivyozipima kuta nyingine zote. Kuta za nje zinaishia linta kihalali, maana paa limeinama pande zote nne. Huu mmoja ndio uliotakiwa kupanda.

Najua mkono wangu ulikotoa kipimo hicho. Nyumba tuliyolelewa mimi na Dorcas, ile baba aliyoijenga kwenye makazi ya wakimbizi kabla hatujapata uraia, kuta za ndani hazikufika kwenye bati. Hakuna nyumba ya jirani ambayo zilifika. Jioni mama alianzisha sala chumbani kwake na sisi tukaitikia chumbani kwetu, na sauti zilipita juu ya ukuta. Nimekwenda chuo, nimepima majengo arobaini na kitu, na bado kichwani mwangu ukuta wa ndani ni kitu kinachofika kimo cha mtu na kuacha nafasi juu. Sikufikiri. Niliuona mstari nikauandikia kimo cha nyumbani.

Na ile nafasi ndiyo njia ya moto. Mwali hautapoteza muda kupigana na tofali nene lenye plasta. Utapanda darini, utaingia kwenye kenchi za mbao, utapita juu ya ukuta na kushukia upande wa pili. Dakika sitini zipo hadi linta tu.

"Yanahitajika mangapi?" Gharibu akauliza.

Nikapiga hesabu palepale. Pembetatu, upana mita tisa, kimo katikati mita mbili.

"Elfu moja na mia moja."

"Siyo mengi. Nipe hayo na siku nne kabla kenchi hazijapanda. Zikishapanda itakuwa kazi ya kujipenyeza."

Nikamwambia nitampigia simu.

Alhamisi, 25 Julai. Kasulu

Nimeandika barua kwa Mzee Havyarimana mara tatu na kuichana mara tatu.

Ijumaa, 26 Julai

Nilikuwa na asubuhi nzima. Ninachotakiwa kusema ni kifupi: Mzee, nimekosea kipimo, tunahitaji matofali elfu moja na mia moja zaidi. Lakini namwona akikisoma. Namwona mchungaji akikitangaza, kwa sababu matofali hayaji bila kutangazwa, na kutangaza ni kusema kanisa zima kwamba Maximilla hakujua tofali la mwisho ni lipi. Matanuru yamezimwa. Ng'ombe ameliwa. Na yule niliyemwambia habari ya kuni zilizonyooshwa ndiye atakayesimama kuwaomba watu waanze upya kwa ajili ya ukuta wangu.

Kisha nikaanza kujipa dawa. Dari ni la jipsam, nalo lina dakika zake. Maji yapo karibu. Tangu lini bweni la kanisa likaungua?

Dari lile halijapimwa na mtu yeyote, na ninajua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote Kibondo.

Saa nane mchana nikampigia Gharibu. "Ishia linta."

Akauliza, "Una hakika, bibie?"

"Ishia linta."

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Sikwenda popote.

Jumapili, 18 Agosti. Kibondo

Dari limefungwa. Ukiingia ndani unaona ukuta unaogusa dari, mweupe, umenyooka. Huwezi kujua. Hata mimi nilisimama pale nikaona uko sawa.

Jumamosi, 31 Agosti. Kibondo

Uzinduzi. Wageni, kwaya, maputo. Wasichana wameingia na magodoro yao na tranka zao. Tranka ndicho kitu cha kwanza mzazi wa huku anachomnunulia mtoto akichaguliwa kwenda bweni: la bati, na jina limepakwa kwa rangi nyeupe. Nyingine zilikuja juu ya baiskeli kutoka vijiji vya njia ya Kakonko. Mtoto mmoja wa kidato cha pili, Divine, alikuwa amekaa juu ya lake kama mlinzi wa benki, na mama yake alikuwa anafuta vumbi kwenye kufuli kwa ncha ya kitenge.

Dorcas alivaa gauni jipya la bluu. Wakati kamati inatembezwa ndani, alinishika mkono mbele ya wazee wote.

"Maxi, nielezee hapa hapa, maana mimi ndiye ninayelala humu. Moto ukiwaka upande huu, wale wa kule niwafanyeje?"

Mzee Havyarimana akaitikia, "Eh, tuelezee hizo dakika zako. Tulizilipia." Alisema kwa utani, na wote walitabasamu wakinisubiri.

Nikasema, "Unaanza na upande unaowaka, unawatoa wote. Wale wa upande wa pili wana dakika sitini. Watoe kwa utaratibu, wasikanyagane."

"Dakika sitini," Dorcas akarudia. Akatoa kalamu akaandika kwenye daftari lake la zamu.

Ningeweza kumvuta nje baadaye. Tulikula meza moja, tulikaa kwenye ngazi tumevua viatu, akanisimulia mambo ya mume wake. Nilikuwa na saa tatu nzima za kumwambia. Nikaaga, nikapanda gari.

Jumanne, 10 Septemba

Joto. Bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki. Dorcas ameniambia kwa simu wasichana wanagombania kamba ya kuanikia, basi, hayo ndiyo matatizo yao.

Jumamosi, 21 Septemba

Gharibu amepiga. Bweni linaungua. Naondoka sasa hivi.

Jumapili, 22 Septemba. Kibondo

Nimelala kwa mke wa mchungaji wetu wa zamani, au nimekaa tu kitandani.

Jana alasiri, upande wa kwanza, msichana alikuwa anaipiga sare yake pasi ya mkaa juu ya kitanda. Akaitwa nje. Kaa likadondoka kwenye godoro. Wakati moshi unaonekana, mwali ulikuwa umeshagusa dari.

Dorcas alifanya kila nilichomwambia. Alikimbilia upande unaowaka, akawatoa wote waliokuwamo, akawahesabu uwanjani kwa majina. Kisha akazunguka kwenda upande wa pili, akatembea, hakukimbia, ili wasishtuke. Wasichana walikuwa wanatoka. Baadhi wakaanza kulia kwa ajili ya tranka zao: vitabu, sare, na kwa wengine hata ada za mtihani zimo humo. Dorcas akawaambia, "Msilie. Tuna muda. Rudini kwa utaratibu, kila mtu alete lake."

Walirudi kumi na wanne.

Gharibu alikuwa jirani anajenga choo cha mwalimu, aliona yote. Anasema hazikufika dakika kumi na mbili tangu moshi wa kwanza. Dari la upande wa pili lilitoa mlio, kisha likashuka lote na mbao zinazowaka. Kumi na watatu walikuwa wameshafika mlangoni. Divine alikuwa anavuta tranka, limenasa kwenye mguu wa kitanda. Dorcas aliingia akamtoa. Alinyanyua mbao kwa mikono yake.

Divine ameungua mgongo na mkono wa kulia. Amepelekwa Mwanza. Dorcas yuko hospitali hapa, ameungua mikono yote miwili hadi viwiko. Gari la zimamoto lilipofika paa lilikuwa chini.

Asubuhi nimekwenda. Paa hakuna, kenchi hakuna, vitanda vimejikunja. Ukuta wa katikati umesimama. Nimeupapasa wote pande mbili, hauna hata ufa mmoja. Plasta imeshika. Umeishia linta, na juu ya linta ni mbingu tupu.

Jumatano, 25 Septemba. Kibondo

Kikao cha kamati na wazazi, nje ya kanisa. Mzee Havyarimana amesimama akasema jambo ambalo afadhali ningekuwa nimekufa kuliko kulisikia.

"Mimi nilitaka plaiwudi hapa. Mnakumbuka. Huyu mama akanikatalia, mkanicheka. Leo ukuta wake ndio peke yake uliosimama. Kama tungefuata maneno yangu, tungekuwa tunazika. Mbele yenu nyote, nakuomba radhi, mwanangu."

Akaja akanishika mikono yote miwili. Watu wakaitikia amina. Nikasema "asante, mzee," nikakaa.

Nilikuwa nikimwona mtu bahili. Mke wa mchungaji ananiambia ndiye anayepeleka uji hospitali kila asubuhi, anaubeba kwenye chupa ya chai, kwa baiskeli, na yeye mwenyewe anamlisha Dorcas kwa kijiko, mume wa Dorcas anapokuwa kazini.

Jumamosi, 28 Septemba. Kibondo

Timu ya uchunguzi imemhoji Dorcas kitandani. Niliruhusiwa kukaa kwa kuwa ni ndugu. Mkuu wa timu alikuwa mtu mpole, aliandika taratibu.

"Nani aliyewaruhusu wanafunzi kurudi ndani?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani tuna muda."

"Katika daftari lako la zamu umeandika 'dakika sitini'. Nani alikuambia hivyo?"

Dorcas hakunitazama. Alitazama dirishani. "Nilisoma mahali, mzee. Sikumbuki wapi."

Yule mtu aliandika. Nilisikia kalamu. Nilikuwa nimekaa mita moja kutoka pale, mkoba wangu mapajani, na mchoro umo ndani ya mkoba. Alianza kusoma maelezo kwa sauti ili Dorcas aweke dole gumba, kisha akakumbuka kwamba hana dole la kuweka, akatafutwa shahidi atie sahihi. Waliniomba mimi. Nikatia sahihi.

Walipotoka Dorcas aliniambia, "Usijali. Wakinifukuza wanifukuze mimi. Wewe una jina." Anaamini nilikosea tu kueleza. Anadhani ananifunika kwa kosa dogo la maneno.

Wameshamsimamisha kazi. Wakubwa wanasema huenda kesi ikafika mahakamani, kwa uzembe.

Jumatatu, 30 Septemba. Kasulu

Mvua ya kwanza leo, kubwa, na radi. Nimefikiria majivu yale yakilowa.

Jioni kabla ya giza nilipanda gari kurudi Kibondo. Nimemkuta Mzee Havyarimana kwenye banda lake anafunika mbao kwa turubai. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kabla hajanikaribisha, nikihofia kwamba nikikaa nitakunywa chai na kuondoka. Nikamwonyesha mchoro. Nikamwambia Julai. Nikamwambia "ishia linta".

Alikaa juu ya gogo.

"Mangapi?"

"Elfu moja na mia moja."

Akainuka, akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na rundo la matofali, wameweka mabati ya zamani juu yake, na juu ya mabati mihogo iliyoanikwa imeanza kulowa.

"Haya ni ya tanuru letu. Yalibaki Juni, kwa sababu ulisema yametosha. Yanapita elfu mbili. Mke wangu anaanikia mihogo." Akaanza kutoa mihogo ile, kipande kimoja kimoja, akinipa niweke kwenye beseni. "Ungeniambia, ningekucheka Jumapili moja. Ya pili tungebeba. Oya, Maximilla, hapana. Oya."

Tuliondoa mihogo yote, mvua ikitupiga.

Alhamisi, 3 Oktoba. Kibondo

Nimepeleka maelezo yangu kwa timu ya uchunguzi. Kurasa nne, pamoja na mchoro, hesabu zangu na tarehe. Nimeandika kwamba matroni alifuata maelekezo yangu neno kwa neno, na kwamba nilimpa maelekezo hayo nikijua si kweli. Gharibu naye ameandika yake. Yule mtu mpole alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaniuliza kama nina wakili. Nikasema sina. Watanirudishia majibu. Leseni yangu nimeiacha mezani kwake bila kuulizwa.

Nilidhani ningejisikia mwepesi. Nimejisikia njaa tu, nikala ndizi mbili za kuchoma stendi.

Jumamosi, 5 Oktoba. Kibondo

Nimemwambia Dorcas.

Alikuwa amekalishwa na mito, mikono imefungwa bandeji, imelala juu ya shuka. Nimesema yote kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu kwa Kiswahili nilijikuta naongea kama mtaalamu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua tangu lini?"

"Julai."

"Kabla ya ile siku ya maputo."

"Ego."

"Nilipokushika mkono nikakuuliza mbele ya wazee, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Dorcas."

Nikaanza kumweleza habari za matofali, za matanuru kuzimwa, za Mzee na plaiwudi. Akanikatiza.

"Mimi matofali yako sina haja nayo. Ungeuacha ukuta hivyo hivyo. Ungenivuta pembeni tu, tukiwa pale kwenye ngazi tumevua viatu, ukaniambia: mwenewacu, ndugu yangu, ule ukuta usiuamini. Maneno hayo tu. Nisingemwambia mtu. Na siku ile ningewatoa mikono mitupu, wote, tranka zikaungua zenyewe."

Miezi miwili nimekuwa nikihesabu gharama ya kusema ukweli, nikaweka matofali, saruji, siku nne za fundi, jina langu. Hii ya kumwambia yeye peke yake sikuwahi hata kuiandika, na ndiyo isingegharimu kitu.

"Nisamehe," nikasema.

"Mimi usiniombe bado." Alifumba macho. Kisha akasema, "Divine ananipigia kila jioni kwa simu ya mama yake. Nesi ananishikia sikioni. Unajua ananiambia nini? Ananiomba radhi. Anasema ni yeye aliyeng'ang'ania tranka, ndiyo maana mikono yangu imeungua. Kila jioni namwambia si wewe, mwanangu, ni mimi niliyewaruhusu. Haniamini. Na sasa naona na mimi nilikuwa namdanganya."

Akafumbua macho akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Nenda Mwanza. Usimpigie. Kaa pale kitandani kwake umwambie kwa mdomo wako."

Basi la Mwanza linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nimekata tiketi.